Drupa inafungwa Ijumaa na mimi niko hapa Dar, eti tunabana matumizi

Wakuu, nina hasira tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Leo nimeona niyatoe hapa, maana kazini nikifungua mdomo naambiwa sina shukrani.

Kwa wasio wa fani: drupa ndiyo maonesho makubwa kuliko yote ya mitambo ya uchapaji duniani. Yalianza 1951 huko Düsseldorf, Ujerumani, na siku hizi ni kila baada ya miaka minne. Ya mwaka huu, 2024, yalifunguliwa Mei 28, yanafungwa Ijumaa hii, Juni 7. Makampuni zaidi ya 1,600 yako pale na mashine zimewashwa, zinachapa unaziona. Ukiyakosa haya, subiri 2028.

Na mimi nimeyasubiri miaka minane. 2016 niliambiwa bado kijana, tulia, zamu yako 2020. Ikaja korona, wakasogeza hadi Aprili 2021, kisha wakafuta kabisa. Hilo simlaumu mtu. Januari mwaka huu mkurugenzi mwenyewe akatamka kikaoni kwamba tutakwenda mimi na fundi wa mitambo. Nikahangaika na viza: bima ya euro 30,000, barua ya mwajiri, taarifa za benki, alama za vidole. Zile euro 80 za maombi nimetoa mfukoni kwangu. Viza ikatoka. Siku tisa kabla ya safari nakuta barua imebandikwa ubaoni, pale karibu na mashine ya kukatia: safari zote za nje zimesitishwa, tunabana matumizi. Hakuna hata mmoja aliyeniita akaniambia kwa mdomo.

Najua hali ni ngumu. Karatasi tunaagiza nje, wino nje, pleti za kuchapia nje, na dola mnaiona ilivyopanda. Ningekuwa naenda kutalii ningenyamaza. Lakini hebu tupige hesabu ya kutokwenda.

2019 kampuni ilinunua mashine ya rangi nne ya mtumba kupitia dalali, kwa picha na kavideo ka simu. Hakuna aliyetumwa kwenda kuikagua. Ilipofika nilipitisha kiganja kwenye silinda ya blanketi (ile inayovaa mpira unaopeleka wino kwenye karatasi), uniti ya tatu, maana kila uniti inachapa rangi yake, nikagusa kibonyeo kidogo kama punje ya mchele. Basi kila shiti ikawa inatoka na doa mahali palepale, kwenye majenta, ile rangi ya waridi iliyokolea. Tukabadilisha blanketi, tukaweka karatasi chini yake, doa liko palepale. Miezi mitano uniti ile imelala tunasubiri silinda, na kazi ya vitabu vya shule ikaondoka ikaenda kwa wengine mbele ya macho yetu. Tiketi mbili za ndege zinafika wapi kwa hasara ile?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Septemba tunanunua mashine ya daikati, ile inayokata karatasi ngumu kwa umbo, kwa ajili ya maboksi. Njia ni ileile, dalali ni yuleyule, na picha zimeshaletwa.

Mtu wa fedha kaniambia siku hizi kila kitu kiko YouTube. Ndugu zangu, video ya muuzaji inachapwa kwenye karatasi nzuri, ndani ya ukumbi ambao hewa yake imedhibitiwa. Mimi nachapa Dar wakati wa masika. Karatasi inanyonya unyevu, inatanuka, rangi ya kwanza na ya nne hazikutani, rejista, yaani rangi kukaa juu ya nyingine sawasawa, inakukimbia katikati ya rimu. Nilikuwa nimeandaa bahasha ya shiti 12 zilizoharibika. Nyuma ya kila moja nimeandika tarehe, unyevu wa chumba, spidi ya mashine na aina ya karatasi. Nilitaka nimkalishe mhandisi, nimwekee moja moja mezani, nimuulize kwa nini. Video haiulizwi swali. Bahasha iko droo ya chini, sijaigusa tangu barua ile.

Halafu tunakaa tunalalamika kwamba kazi kubwa zinakimbilia nje. Kenya karatasi za kura za 2022 zilichapwa Ugiriki. Ni wino na karatasi kama hizi zetu! Wenzetu wamewekeza kwenye mitambo na kwenye watu wanaoijua. Sisi tukibanwa kidogo, cha kwanza kukatwa ni fundi kujifunza.

Euro 80 nimeshaandika barua nirudishiwe, sijajibiwa. Viza ina muhuri mzuri na haina kazi.

Kama kuna mdau yuko Düsseldorf hadi Ijumaa, nakuomba sana: pita kwa Bobst, watengenezaji wa mashine za daikati, uliza kama spea za daikati zao za miaka ya tisini bado zinatengenezwa, na fundi anayekagua ya mtumba anatakiwa aanze kushika wapi. Nijibu hapahapa, nitachapa jibu lako nilipeleke ofisini kabla hawajalipa.