Miche ya maua ya msimu: kuipandisha chombo kwa chombo, au ndoo kubwa moja kwa moja?

BintiMalindi
Assalaam alaykum wenzangu. Nina miche ya merigoldi, zinia, alizeti fupi na vinka, yote nimeiotesha kwenye vikopo vya mtindi. Imeshatoa majani manne matano, na mingine mizizi imeanza kuchungulia kwenye tundu la chini. Naishi ghorofani Mji Mkongwe, ardhi sina hata shubiri. Bustani yangu ni roshani na kipande cha dari, kwa hivyo maua haya yataishi chomboni mpaka mwisho wake.

Nasitasita baina ya njia mbili. Ya kwanza: kutoka kikopo cha mtindi niyatie kwenye kopo la lita 1, halafu dumu la lita 5 lililokatwa, mwisho ndoo. Ya pili: kutoka kikopo mpaka ndoo ya lita 10 kwa mara moja, basi. Ya kwanza ina kazi. Ya pili inakula udongo, na udongo mie nanunua na kuupandisha ngazi. Nani kazijaribu zote mbili? Na jee, ndoo ya plastiki au chungu cha udongo?

KitaluFuoni
Waalaykumu ssalaam dada. Mie nauza miche, kazi hii ndiyo mkate wangu. Ushauri wangu: usichague chombo kabla hujautazama mmea. Hayo maua manne uliyoyataja hayana tabia moja.

Merigoldi haina tabu. Mizizi yake ni mingi na myembamba, ikihamishwa hushika upesi. Tena shina lake likifukiwa hutoa mizizi mipya, kwa hivyo mche uliorefuka ukalegea unaweza kuuzamisha mpaka karibu na majani ya chini. Njia yako ya kwanza inaifaa, ila punguza hatua. Toka mbegu mpaka ua la kwanza ni kiasi cha wiki 8 tu. Kila ukiuhamisha, mche husimama kukua mpaka mizizi ishike tena. Ukiuhamisha mara tatu, ujana wake wote utaishia njiani. Kutoka kikopo tia kwenye kopo la lita 1, kisha chungu cha mwisho chenye upana wa sentimita 20 hadi 25 kwa mche mmoja.

Alizeti ni kinyume chake. Hushusha mzizi mkuu mapema sana, na mzizi huo ukikatika au ukijizungusha chini ya kikopo, mmea hudumaa na ua linakuwa dogo. Hiyo ihamishe leo kabla ya kesho, mara moja, kwenye ndoo itakayokaa. Msimu ujao mbegu yake ipande mule mule ndooni. Zinia nayo haipendi kusumbuliwa mizizi, ifanyie hivyo hivyo.

Vinka ndiyo ya kwenda nayo polepole. Jua haiogopi, ukame haiogopi, inachokiogopa ni tope. Mche mdogo kwenye ndoo kubwa hauwezi kuyanywa maji yote yaliyomo. Udongo ambao mizizi haijaufikia unabaki umeloa siku nenda siku rudi, na shina linaoza pale linapoingia udongoni. Kwa vinka chombo kipya kizidi cha zamani sentimita 3 hadi 5 kwa upana, si zaidi. Wateja wengi wanaorudi kitaluni kuniambia vinka zao zimekufa, nikiwauliza nakuta walizitia kwenye ndoo kubwa siku ile ile.

MtuWaWete
Nakubaliana na kaka hapo juu isipokuwa kwenye zinia. Zinia inahama vizuri kabisa, maadamu usiitoe kwenye nyumba yake. Huku Pemba mie naiotesha kwenye viriba vya gazeti: unazungusha karatasi kwenye chupa, unakunja chini, unajaza udongo. Wakati ukifika unazika kiriba kizima, karatasi inaoza, mizizi inapita. Jani la mgomba lililonyauka nalo linafaa. Angalizo moja: ukingo wa karatasi usibaki nje ya udongo, maana utayavuta maji na kuyapoteza hewani, na kiriba kikikauka mizizi inagoma kutoka.

Kuhusu chungu na plastiki, mie ni mtu wa chungu. Chungu cha udongo kinavuja jasho pande zote, kwa hivyo maji ya ziada yana pa kutokea, na wakati wa masika hilo huokoa miche mingi. Lakini wewe uko juu ya dari, dada. Kaskazi ikianza kuvuma Disemba, chungu kidogo kinakauka kabla ya adhuhuri. Ningekuwa wewe, vinka ningezitia kwenye vyungu na zilobaki kwenye plastiki. Plastiki nyeusi ipake chokaa au rangi nyeupe kwa nje, kwani ndoo nyeusi juani huipika mizizi.

Ukinunua chungu cha kupikia hakina tundu. Kiloweke usiku kucha, kipindue juu ya mchanga, kisha kitoboe kwa keekee taratibu bila ya kukandamiza.

KitaluFuoni
Viriba vya gazeti nimevikubali, kaka wa Wete. Kwa zinia hilo ni jambo zuri na halina gharama. Tatizo la dada ni kuwa zake zishakuwa kwenye vikopo vya mtindi. Basi kikopo kikate kwa mkasi ubavuni mpaka chini, ukifungue, udongo utoke mzima. Usiuvute mche kwa shina.

JambianiPwani
Sitazungumzia chombo, nazungumzia kinachotiwa ndani, maana naona dada analalamika uzito wa udongo. Vumbi la makumbi ya nazi ni jepesi na linashika maji vizuri. Changanya sehemu 2 za udongo, 1 ya samadi iliyooza sawasawa, na 1 ya vumbi la makumbi. Ndoo utaibeba kwa mkono mmoja.

Ila uliza makumbi yametoka wapi. Huku kwetu makumbi hufukiwa pwani, bahari ikipanda na kushuka juu yake kwa miezi, ndipo yapondwe kwa kusukia kamba. Vumbi lake limejaa munyu. Loweka kwenye maji ya mvua au ya bomba, yamwage, urudie mara mbili tatu mpaka ukiyaonja usihisi chumvi. Usipofanya hivyo, ncha za majani zitababuka kama zilizopitishiwa moto, nawe utadhani ni jua.

Na kama unamwagilia maji ya kisima cha chumvichumvi, chungu kitaota ukungu mweupe kwa nje. Hiyo ni chumvi. Mvua ikinyesha, toa vyungu vyote nje vikajioshe mpaka maji yapite chini kwa wingi.

BintiMalindi
Ahsanteni sana, nimefaidika. Maswali mawili. Nitie kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke? Na merigoldi mbili zishafunga vitumba, nazo ni ndogo hivyo hivyo. Nizihamishe na vitumba vyake?

KitaluFuoni
Kokoto usitie. Watu wengi hufanya hivyo, lakini maji hayashuki upesi kutoka udongo laini kwenda kwenye mapengo makubwa ya kokoto. Hukusanyika juu yake kwanza, kwa hivyo unachofanya ni kulisogeza tope karibu na mizizi. Toboa matundu ya kutosha chini ya ndoo, weka kigae kimoja au kipande cha chandarua juu ya kila tundu udongo usimwagike, kisha inyanyue ndoo juu ya matofali ipate pumzi.

Vitumba vikate. Najua roho inauma. Mche unaofunga kitumba ukiwa mdogo kwenye kikopo umebanwa, unaona maisha ni mafupi na unakimbilia kutoa mbegu. Kata kitumba pamoja na ncha yake, juu kidogo ya majani ya pili au ya tatu, halafu hamisha. Nguvu itarudi kwenye mizizi na matawi, na badala ya ua moja la haraka utapata kichaka.

Siku ya kuhamisha, mwagilia saa moja kabla. Fanya kazi hii baada ya alasiri, si mchana. Mizizi ikiwa imejizungusha, ichambue kidogo kwa vidole kwa merigoldi, kwa alizeti na zinia iache. Acha sentimita 2 au 3 kati ya udongo na mdomo wa ndoo, ili maji yapate pa kukaa yanaposhuka. Weka kivulini siku mbili tatu, na mbolea ya dukani usiisogeze mpaka wiki 2 zipite, maana mizizi iliyojeruhiwa huungua.

BibiWaMrehani
Wanangu, nimesoma yote nikafurahi kuona vijana wanapenda maua. Nauliza kwa ajili ya mrehani, nao si wa msimu? Wangu uko kwenye kopo la lita 1, kila jioni unalegea ingawa asubuhi nimeutia maji.

MtuWaWete
Shikamoo bibi. Huo umejaa. Gonga kopo ulitoe pande la udongo: ukiona mizizi mitupu pande zote, maji unayotia yanapita ubavuni hayaingii ndani. Uhamishie kwenye dumu la lita 5 na ukate ncha zote zenye maua, kwani mrehani ukishazaa mbegu ndiyo unazeeka. Ncha laini zisizo na maua tia kwenye glasi ya maji kivulini, zitatoa mizizi, utakuwa na miche mingine ya kugawa kwa jirani.

BibiWaMrehani
Marahaba mwanangu. Nautoa kesho alasiri inshaallah. Dumu ninalo, lilikuwa la mafuta ya kula. Niliosheje?

KitaluFuoni
Maji moto na sabuni bibi, mara mbili, kisha suuza mpaka lisiteleze. Mafuta yakibaki chini yataziba matundu.