Tupeane uzoefu: watu wa pwani na baiskeli za milimani

Mwana wa Maweni
Hamjambo wapenzi wa baiskeli. Maelezo mengi ninayosoma kuhusu kuendesha baiskeli kwenye milima yenye misitu yameandikwa na watu wa bara, waliokulia mteremkoni, waliokuwa wakienda shule wakishuka na kurudi nyumbani wakipanda. Sisi wa Malindi mpando wetu mkubwa ni ule wa kutoka daraja la Sabaki, na hata huo wengine wanateremka wakaivuta baiskeli kwa mkono. Leo nataka visa vya watu wa pwani peke yao. Ulipeleka baiskeli mlima gani, na kitu gani kilikushangaza?

Naanza mimi. Mazoezi yangu nayafanya Arabuko-Sokoke. Ule msitu una kilomita za mraba 420 hivi na mlima hauna, lakini mchanga unao. Upande wa miti ya mirihi ardhi ni mchanga mweupe, na kiangazi kikikolea tairi linazama mpaka unajuta kutoka na baiskeli. Ukisonga kuelekea magharibi udongo unakuwa mwekundu, umeshikana, na baiskeli inakwenda yenyewe. Aliyejua kupita kwenye ule mweupe, pedeli mfululizo, upepo wa tairi umepunguzwa kidogo, usukani haupindwi kwa ghafla, huyo tayari ana miguu. Ongeza upepo wa kusi unaokupiga usoni ukitoka Malindi kwenda Gede.

Sasa nilipopanga safari ya Lushoto, kule milima ya Usambara, Tanzania, kilichoninyima usingizi ni mpando wa kutoka Mombo. Ni kilomita 33 hivi, zinakutoa kama mita 400 juu ya bahari zikufikishe karibu 1,400. Basi nilipanda polepole, nikala ndizi njiani, nikafika, sikuona ajabu. Ajabu niliiona siku iliyofuata, kushuka kijia cha msitu wa Magamba. Mizizi imelowa, majani yameoza juu yake, mbega wanaruka kichwani, na mwili wangu wote unang'ang'ania kuegemea mbele. Mwili wa mtu wa pwani haujui kwamba kwenye mteremko matako yanarudi nyuma ya siti.

Dai langu ndilo hilo, mnipinge mkitaka: mpando si tatizo letu. Hatujui kushuka.

Mkwezi wa Ganda
Napinga. Na pumzi je? Nilipanda mlima Vuria kule Taita, mita 2,208, nikawa nahema kama mbwa wa Lamu saa saba mchana. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi karibu robo nzima kuliko ya ufukweni. Miguu ilikuwa nayo nguvu, kifua ndicho kilichokataa. Usiwadanganye watu.

Mwana wa Maweni
Ulifika siku ileile na kupanda siku ileile?

Mkwezi wa Ganda
Ndiyo. Matatu ya alfajiri.

Binti Mambrui
Basi hapo ndipo ulipokosa, kaka. Lala Wundanyi, mji wa huko juu Taita, usiku mmoja walau, unywe chai ya tangawizi, asubuhi mwili umeshaanza kuzoea.

Mimi nilikwenda Taita na binamu zangu wawili. Kwanza nguo, maana dada zangu huniuliza kila mara: suruali pana imefungwa mpira kwenye kifundo cha mguu ili isinaswe na cheni, kanzu fupi juu, shungi dogo la pamba chini ya helmeti. Shungi la hariri linateleza na helmeti inacheza, usilijaribu. Mama aliponiona natoka alisema hajawahi kusikia mtu anakwenda kutafuta kuanguka kwa nauli. Nilimwachia mahamri yake nikaondoka.

Nakubaliana na Mwana wa Maweni kuhusu kushuka. Barabara ya Wundanyi kuteremka Mwatate imejaa kona, na mtu wa tambarare anafanya jambo moja tu: anashika breki juu na haiachii mpaka chini. Binamu yangu alifanya hivyo. Tulipofika kati nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Tukasimama, akagusa rimu, akaruka. Kwa bahati palikuwa na mama anauza mihogo kando, tukakaa hapo mpaka zikapoa. Tangu hapo tunashuka kwa vipande: unashika kabla ya kona, unaachia ndani ya kona, sehemu iliyonyooka unaiacha ikimbie kidogo kisha unashika tena.

Fundi Chubu
Huyo binti kasema kweli na mimi nitawaambia kwa nini. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, ashuke mita 1,000. Nguvu yote ile lazima itoke mahali. Upepo unachukua sehemu, zinazobaki zinageuka joto kwenye breki. Ukizikusanya zote kabla ya upepo kuchukua chake, zinatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sasa fikiria joto hilo liko kwenye rimu na vipande vichache vya mpira vyenye ukubwa wa kidole. Kwa breki za mpira kwenye rimu, rimu ikizidi moto hata chubu inaweza kupasuka. Kwa breki za diski zenye mafuta, mafuta yakichemka mkono unashika unafika mwisho na baiskeli haisimami.

Na si jambo geni. Mchezo huu wenyewe ulikulia kwenye breki zilizoungua. Mwaka 1976 vijana wa kaunti ya Marin, California, walianza mashindano ya kushuka yaliyoitwa Repack, mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na nusu hivi. Baiskeli zao zilikuwa za zamani, nzito, za breki ya kurudisha pedeli nyuma. Wakifika chini, grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu imeungua inatoa moshi, inabidi kufungua na kupaka mpya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu ya kazi hiyo hasa. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta.

Nawaambia haya kwa sababu wateja wangu hapa Malindi wananiletea baiskeli ya mtumba ya Mombasa, wananiambia "fundi, nakwenda mlimani, nitengenezee gia." Gia! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nitengenezee breki. Waya umeshika kutu ya chumvi ya bahari, ukivuta unarudi nusu. Kwa chumvi yetu, waya na ganda lake vibadilishwe kabla ya safari, hata kama vinaonekana vizima. Ni pesa kidogo kuliko plasta.

Mdawida
Nimewasoma kimya kimya, sasa niseme. Mimi ni wa Taita, nafanya kazi Malindi. Karibuni kwetu lakini mje na adabu za mlimani. Vile vijia vya kando ya msitu wa Ngangao si uwanja wa michezo, ndiyo njia ya mama anayetoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Anayepanda na mzigo ndiye mwenye njia. Unasimama, unashuka, unasalimia, anapita. Kengele ya baiskeli huko ni ufidhuli, tumia mdomo.

Na Ngangao yenyewe ni kipande kidogo cha msitu kilichobaki, ndege kama apalisi wa Taita hapatikani popote duniani nje ya vilima vyetu. Msiingie na baiskeli kabla ya kuwauliza watu wa misitu. Kuna barabara za vumbi tele zinazouzunguka na mandhari ni yaleyale.

Jambo la mwisho: ukungu. Asubuhi huoni gurudumu lako la mbele. Watu wa pwani mnadhani mvua ndiyo hatari. Ukungu unalowesha mawe bila tone kuanguka, mtu anaona kumekauka anakwenda kasi.

Kijana wa Watamu
Marafa mmesahau? Hakuna msitu, najua, lakini mabonde yale ya Nyari yana miteremko ya kutosha kwa mtu anayeanza. SI ndani ya korongo, jamani. Kuta zile ni mchanga uliogandana tu, zinamomonyoka kila mvua, na wenyeji hawapendi, wana haki. Vijia vya juu na vya pembeni ndivyo ninavyosema. Nendeni kabla jua halijapanda, saa sita kule jina lake la Kizungu, Hell's Kitchen, jiko la jehanamu, linaeleweka.

Mkwezi wa Ganda
Kilima cha Mangea je? Kama mita 500, na ni karibu kuliko Taita.

Kijana wa Watamu
Mangea nzuri ila miiba. Nilipata pancha ya kwanza kabla sijaanza kupanda.

Fundi Chubu
Weka dawa ya kuziba ndani ya chubu. Na beba chubu ya akiba hata hivyo, dawa haizibi mpasuko.

Mpwani wa Nanyuki
Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni wa Shela ya Malindi, kazi imenileta huku. Kama mnataka msitu wa chini ya mlima hasa, njooni Ngare Ndare, kaskazini ya Mlima Kenya. Njia ni pana, kivuli kizuri, kuna maji ya buluu ya kuogelea (baridi yake sitaisimulia), na kuna daraja la kutembea juu ya vilele vya miti lenye urefu wa mita 450. Tembo wanapita hapo kati ya mlima na nyanda za Lewa, wamejengewa hata njia chini ya barabara kuu. Kwa hiyo unakwenda na askari wa msitu, huzururi peke yako.

Tembo ndiye aliyenifundisha kushuka polepole kuliko breki yoyote. Baiskeli haina sauti. Unakunja kona kwa kasi, yeye hakukusikia, wewe hukumwona, mnakutana uso kwa uso. Askari wetu alikuwa akipiga mluzi kila kona iliyofunikwa na miti, na kinyesi kikiwa bado kinafuka tunasimama kabisa. Ninyi wa Arabuko mnaye tembo pia, msijidanganye kwamba msitu ni wa vipepeo tu.

Mwana wa Maweni
Kweli. Ndiyo maana tunaandikisha Gede kwanza na hatuingii jioni. Mkwezi, la pumzi nimelikubali. Binti Mambrui, siti unaishusha kiasi gani kabla ya mteremko?

Binti Mambrui
Upana wa viganja viwili kwa kijia kibaya, kimoja kwa barabara ya vumbi. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye bomba la siti ili ukifika chini uirudishe ilipokuwa, la sivyo magoti yatakulaumu mpaka Voi.

Mkwezi wa Ganda
Na sisi tusio na rangi ya kucha?

Binti Mambrui
Omba kwa mkeo.