Naomba ushauri: mshumaa wangu umepasua glasi nyumbani kwa mteja

Habari zenu wakuu. Natengeneza mishumaa ya manukato nyumbani, nta ya soya kwenye glasi. Wiki iliyopita mteja alinitumia picha: glasi imepasuka, nta imemwagika mezani. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu, lakini mama yule ana watoto wadogo na tangu siku hiyo sipati usingizi.

Nimemrudishia pesa na nimesimamisha mauzo. Anasema uliwaka mpaka nta ikakaribia kwisha. Simlaumu, maana sikuwahi kumwambia auzime nta ikibaki kama sentimita 1 chini. Hilo ni kosa langu. Ila nashuku pia utambi: nilihamia ulio mnene zaidi ili harufu isambae, na sikujaribu kuwasha mshumaa mzima hadi mwisho kabla ya kuuza. Manukato naweka asilimia 8 ya uzito wa nta.

Sasa naandaa lebo: punguza utambi ubaki milimita 5 hivi, usiwashe zaidi ya saa 4 mfululizo, usiuache peke yake, weka mbali na pazia na watoto. Watu husoma kweli, au niwaeleze kwa mdomo wakati wa kuuza?

Wenye uzoefu, mnachaguaje glasi inayostahimili joto? Mkibadilisha utambi, mnajaribu mishumaa mingapi kwanza? Na waliokwisha kununua ile ya utambi mnene, niwapigie simu wote? Mimi naona ni lazima, ila sijui nianzeje bila kuwatia hofu.