MJADALA: Vipindi vya maneno vianze kwa mono au stereo?

Mtoa mada: Wakuu, programu nyingi za redio na mihadhara hufunguka kwa stereo (kila sikio na chaneli yake, yaani mkondo wake wa sauti), mono (sauti moja kwa masikio yote) ukaitafute mwenyewe kwenye mipangilio. Nasema iwe kinyume. Mahojiano yakirekodiwa mwulizaji kushoto na mgeni kulia, asiyesikia sikio moja anapata maswali bila majibu. Vivyo hivyo wanafunzi wawili wanaogawana spika za masikioni, na wenye simu za spika moja. Kwenye kivinjari ni kazi ya mstari mmoja: GainNode (kipande cha kurekebisha ukubwa wa sauti katika Web Audio, zana ya sauti ya vivinjari) yenye channelCount: 1 na channelCountMode: 'explicit'. Web Audio yenyewe itatoa 0.5 × (kushoto + kulia).

Fundi wa studio: Napinga. Simu ya spika moja itoe kwanza, mfumo wake kwa kawaida hujumlisha chaneli wenyewe. Halafu kuna waya uliogeuzwa, chaneli moja inakuwa kinyume cha nyingine: kushoto +0.4, kulia −0.4, jumla sifuri. Wa stereo anasikia sauti iliyopwaya, wa mono anasikia kimya. Na hiyo 0.5 ina gharama yake. Sauti iliyo upande mmoja tu inashuka desibeli 6, ya katikati haishuki. Mwulizaji na mgeni wananywea, msikilizaji anaongeza sauti, kisha muziki wa tangazo unamlipukia sikioni.

Mwandika programu: Waya uliogeuzwa unapimika, mkuu. Jumlisha kushoto × kulia kwa sampuli zote, ugawe kwa kipeuo cha pili cha zao la nguvu za chaneli mbili. Jibu likikaribia −1, geuza alama ya chaneli moja ndipo uchanganye. Kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha faili za sauti: pan=mono|c0=0.5*c0-0.5*c1. Ifanyike mara moja kwenye seva, na bando linapona: saa moja ya kbps 64 ni MB 28.8, ya 128 ni MB 57.6. Kuwasha mono kwenye simu hakupunguzi hata baiti moja.

Kinachoniudhi zaidi ni balansi, kile kitelezi cha kusogeza sauti kushoto au kulia. Kwenye Android watu wanaandika setVolume(1.0f, 0.0f) ya MediaPlayer (kicheza sauti cha Android) wakidhani wamehamishia sauti kushoto. Wameizima ya kulia tu! StereoPannerNode, kipande cha balansi cha Web Audio, ikiwa −1 huhamisha kweli, ila inajumlisha bila kugawa: 0.8 na 0.8 zinakuwa 1.6, na juu ya 1.0 sauti inakatwa vichwa, inakwaruza. Tanguliza GainNode ya 0.5. Thamani ya balansi ibadilishwe polepole kwa sekunde 0.02, la sivyo kila mguso wa kitelezi unatoa "tik".

Fundi wa studio: Haya, kwa mahojiano nimelegea. Lakini tamthilia ya redio, nyayo zinatoka kushoto kwenda kulia, ukiifanya mono umeua tukio. Chaguo likae kwenye kila kipindi, si programu nzima.

Mtoa mada: Na anayepakia akisahau kuchagua?

Fundi wa studio: Akisahau, iwe stereo.

Mtoa mada: Hapo ndipo tunapogombana. Mimi nasema mono.