Naomba ushauri: bodi ya pampu inajiwasha upya kontakta ikiachia

Wakuu, bodi yenye chipu ya kudhibiti, ATmega328P, inayoendesha pampu ya kisima kwenye shamba la zabibu, Hombolo, Dodoma, inajiwasha upya kila kontakta (swichi kubwa ya sumaku ya pampu) inapoachia. Kapasita za seramiki za nF 100 zipo, moja kati ya pini za umeme za chipu, 7 na 8, nyingine 20 na 22, miguu imekatwa fupi kabisa. Rilei, swichi ndogo ya sumaku, ina dayodi 1N4007 ya kumeza mshtuko wa koili yake. Koili ya kontakta, V 230, haina kinga yoyote, na hapo ndipo naposhuku. Kapasita za bodini hulisha chipu inapovuta umeme ghafla. Lakini mshtuko unaoingia kwa waya mrefu wa kitufe kilichounganishwa na bodi haziuzuii.

Je, niweke rezista ya ohm 100 na kapasita X2 (ya kuunganishwa na umeme wa V 230) ya nF 100, zikifuatana, sambamba na koili ya kontakta, au nitenganishe kitufe kwa optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga?