Jina la bibi wa mtoto: tuandike Ng'wasi, Ngwasi au Mwasi?

Mama_Mtarajiwa
Habari zenu wote. Naomba ushauri kwa walio na uzoefu. Mimi ni Mzigua wa Handeni, mume wangu ni Msukuma wa Magu. Tunatarajia mtoto wa kike na jina halina mjadala: atarithi la marehemu mama mkwe, na mimi nimeridhia kwa moyo wote, maana yule mama alinipokea kama binti yake. Tatizo ni kuliandika. Kadi yake ya kliniki inasema Mwasi, kadi ya mpiga kura Ngwasi, na wanawe kaburini waliandika Ng'wasi. Mume anataka hili la mwisho. Wifi anasema koma ya juu itamsumbua mtoto maisha yake yote, kuanzia shuleni hadi benki. Ndugu zangu wa Handeni wakiona Ngwasi wanatamka kama "ngoma". Nataka kulimaliza kabla sijajifungua.

Baba Shija
Hongera, shemeji yetu. Andika Ng'wasi. Penye mw- ya Kiswahili, mara nyingi sisi tuna ng'w-: mwana kwetu ni ng'wana, mwaka ni ng'waka. Ndiyo maana makarani wengi waliligeuza jina kwa Kiswahili bila kumuuliza mwenyewe. Hata Ng'wanamalundi, ambaye kila Msukuma amesimuliwa habari zake, kwenye maandishi mengi ni Mwanamalundi. Mwasi bado mzee wa kwetu atalitambua, lakini Ngwasi si Kisukuma wala Kiswahili.

kasuku_wa_pwani
Napingana kidogo na Baba Shija, kwa heshima. Jina linaishi mdomoni mwa watu. Mtoto akikulia Dar au Tanga, mwalimu wa darasa la kwanza atamwita atakavyoweza, na watoto wenzake watadakia. Mwasi linatamkika kwa kila mtu, na bibi mwenyewe alilitumia kwenye kadi yake. Kwetu Khadija na Hadija, Khamis na Hamisi ni watu walewale na hakuna aliyepungukiwa.

Baba Shija
Kadi hakuiandika yeye, kaka, aliandikiwa. Na huyo Hadija ukimwita Khadija anaitika, maana ni sauti mbili zilizokaribiana. Hapa unabadilisha herufi ya kwanza ya jina.
Shemeji, utakaloandika liwe moja kila mahali. Nina mapacha, cheti cha kuzaliwa kinasema Kulwa, shule ikaandika Kurwa kwa sababu Kiswahili kimezoea kurwa na doto. Tuligundua wakati wa kuhakiki majina ya mtihani wa darasa la saba. Tungechelewa, lingemfuata hadi cheti cha kidato cha nne.

mkata_tiketi
Nazungumzia safari tu, maana ndiyo kazi yangu. Ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti, inayosomwa na mashine, haina nafasi ya koma ya juu, kwa utaratibu wa kimataifa. Ng'wasi itatokea NGWASI, na tiketi ya ndege hukatwa hivyohivyo. Wateja wa namna hiyo nawahudumia na wanasafiri bila shida. Anayekwama ni mwenye Mwasi kwenye cheti kimoja na Ng'wasi kwenye kingine. Huyo anaonekana watu wawili, na atazunguka na hati za kiapo.

Nyar_Kisumu
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku hiyo koma tumeizoea: Ng'ang'a, Wang'ombe, Nyong'o. Gavana wetu wa Kisumu anayo mara mbili, Anyang' Nyong'o, na binti yake Lupita alipochukua Oscar mwaka 2014 dunia nzima iliandika jina lake na koma yake. Kuna ofisi zinazoiacha kwenye kompyuta, kweli, lakini mtoto anayefundishwa jina lake nyumbani huwasahihisha watu mwenyewe. Na nyinyi hapo Bungeni mna Ng'wasi Kamani, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza.

Mama_Mtarajiwa
Asanteni sana. Kumbe Ngwasi ya kwenye mashine si kosa, nilikuwa naihofia hiyo hasa. Nimemsomea mume majibu yote na hata wifi amelegea. Swali langu la mwisho: hivi vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano, vya kituo cha afya au ofisi ya kata, vinaandikwa kwa mkono. Nahakikishaje hiyo koma haipotei?

mwalimu_mstaafu
Binti yangu, alama hiyo inaitwa ritifaa, na hupotea kwa sababu mzazi hulitaja jina kwa mdomo tu. Liandike wewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, NG'WASI, umkabidhi anayeandika. Anza na tangazo la hospitali, kwa kuwa cheti hunakili kutoka hapo. Soma kabla hujaondoka dirishani. Akikuuliza linatamkwaje, mwambie ng' ya ng'ombe. Shule nayo usijaze fomu kwa kukumbuka, peleka nakala ya cheti. Na mumeo awafundishe ndugu zako wa Handeni kulitamka mapema, kabla mtoto hajaanza kuitika.