Wajuzi wa Kijerumani: ni lini "am besten" na ni lini "der beste"?

Kijana_wa_Buza: Habari za jioni wakuu. Huu ni mwezi wa nane najifunza Kijerumani, na hapa kwenye Superlativ, yaani kusema kitu kinazidi vyote, nimekwama. Sisi tukisema "mrefu kuliko wote" tumemaliza, neno "refu" halijaguswa. Wenzetu mara "am höchsten", mara "der höchste", mara "den höchsten". Natumia ipi wapi? Nahitaji jibu leo hii, tafadhali.

Mama_Shukuru: Mwanangu, Kijerumani cha nini? Soma Kichina. Binti wa shemeji yangu alisoma Kichina, sasa hivi ni mkalimani na kwao wameezeka.

Leipzig_Baridi: Mdogo wangu, tazama kama kuna nomino inayofuata. Ikiwepo, kivumishi kinapata -st na mwisho wa kufuata jinsia na kazi ya nomino hiyo: der höchste Berg, die höchste Brücke, das höchste Haus, lakini ich sehe den höchsten Berg. Nomino isipokuwepo, au ukieleza jambo linavyotendeka, ni am na -sten: Asha läuft am schnellsten, yaani Asha anakimbia kuliko wote. Hiyo "am" ni an na dem zimeungana, ndiyo maana mwisho ni -en siku zote. Shina likiishia kwa t, s, ß au z, ingiza e ulimi upate pa kukanyaga: am kältesten, am heißesten, am kürzesten. Groß ndiye mkaidi, yeye ni am größten. Na usitafsiri "zaidi" kwa mehr, hakuna "mehr schön", ni schöner, am schönsten. Hizi ni za kukariri tu: gut (nzuri), besser, am besten, viel (nyingi), mehr, am meisten, gern (kwa kupenda), lieber, am liebsten. Mbona leo? Una mtihani?

Mzee_wa_Marangu: Mmenikumbusha mbali. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889 alikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, na enzi ya koloni Wajerumani walijisifu kwamba Kilimanjaro ndio "der höchste Berg Deutschlands", mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Mlima wetu wa mita 5,895! Wakabaki na Zugspitze yao, mlima wa huko kwao, ya 2,962. Babu yangu alibeba mizigo ya wageni hadi magoti yakakataa. Kijana, andika "der höchste Berg Afrikas", hautakosea.

Kijana_wa_Buza: Ahsanteni. Sina mtihani, dada. Ni usaili wa video kesho kutwa, nafasi ya kusomea uuguzi kule, miaka 3. Barua ya maombi ilishakwenda.

Leipzig_Baridi: Barua inasemaje? Weka sentensi tuione.

Kijana_wa_Buza: Ni ya kawaida tu.

Leipzig_Baridi: Weka.

Kijana_wa_Buza: "Deutsch ist meine stärkste Sprache", yaani Kijerumani ndiyo lugha ninayoimudu kuliko zote. Na nyingine: "Ich bin der fleißigste Mensch in meiner Familie", mimi ndiye mwenye bidii kuliko wote katika familia yangu. Nilimlipa jamaa wa steshenari aniandikie. Najua mtanisema, lakini darasani kwetu karibu wote wamefanya hivyo. Tena nimeshamlipa anipe majibu 40 ya usaili nikariri, nimefika la 26. Siwezi kurudi nyuma. Mama ameuza viwanja viwili.

Mwalimu_Mstaafu: Sentensi hizo hazina kosa hata moja, na hapo ndipo penye hatari. Uongo ni uongo hata ukiwa na sarufi safi. Waandikie leo useme ukweli.

Mvuvi_Ujiji: Mwalimu, mwache kwanza apone na sarufi. Mimi ilinishika kwenye ziwa letu. Der Tanganjikasee ist der tiefste See Afrikas, hapo nalishindanisha na maziwa mengine. Nikisema "Hier ist der See am tiefsten", nalishindanisha ziwa na lenyewe: hapa kina ni kikubwa kuliko sehemu zake nyingine. Hapo "der tiefste" haikai. Nililielewa siku nikiwa mtumbwini, si darasani.

Chujio: Wakuu, hadithi ya kutunga hii. Mtu hajui "am" na "der", halafu anaandika ß na ä bila kukosea? Simu za Buza zina herufi hizo? Anatafuta wasomaji.

Mama_Shukuru: Hata mimi nilishangaa viwanja viwili.

Kijana_wa_Buza: Ndugu Chujio, bonyeza s uishikilie, ß inatokea. Ukishikilia a, inatokea ä. Jaribu sasa hivi. Viwanja vilikuwa Chanika, na mama yuko hapa kitandani ananisikia nikirudia jibu la 27.

Chujio: ß. Kweli imetokea. Samahani, mdogo wangu.

Leipzig_Baridi: Achana na hayo 40. Wakiuliza swali la 41 utanyamaza. Niandikie sentensi mbili zako mwenyewe, za kweli.

Kijana_wa_Buza: "Swahili ist meine stärkste Sprache. Deutsch lerne ich am meisten gern."

Leipzig_Baridi: Ya kwanza iko sawa kabisa. Ya pili, rudi kwenye gern.

Kijana_wa_Buza: "Deutsch lerne ich am liebsten."

Leipzig_Baridi: Hiyo hapo, Kijerumani ndicho unachopenda kujifunza kuliko vyote. Anza nayo kesho kutwa, polepole.

Kijana_wa_Buza: Nimeiandika ukutani. Lakini dada, wakiwa na ile barua mkononi, wakaniuliza ni nani aliiandika?